Kitako Kipya cha Bunduki Fupi

Mawaleh, Maskati
Tarehe 4 Shaaban

Kwa ndugu yangu Mastura binti Humaid, Tabora.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Anayekuandikia ni kaka yako Sleyum, mwenye miaka themanini na nne, aliyezika wake wawili na ndugu watatu, akawapita madaktari wanne waliomwambia aache halua na wawili wao nimekwenda mazikoni kwao, akapona homa ya kwetu Sikonge, akapona kimbunga cha Gonu kilipoingiza bahari mpaka chumbani kwetu Sidab, akapona korona iliyochukua vijana ikawaacha wazee kama mimi. Nakutajia haya mwanzo ili ujue kuwa anayekuandikia si mtu wa kutishwa na kitu kidogo. Na leo nimetishika, ndugu yangu. Nimeshikwa pabaya, na wa kuninasua ni wewe tu, kabla ya Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu.

Lakini kwanza hali yako. Magoti vipi? Ile presha imeshuka au bado unakula chumvi kwa siri? Wajukuu hawajambo? Mimi mwili alhamdulillah, meno sita bado ni yangu mwenyewe, na msikitini nakwenda kwa miguu. Sauti yako nliisikia mara ya mwisho Idi kubwa, na ukasema masikio yamekuwa mazito, kila neno nkalirudia mara tatu, mke wa mwanangu Humaid, Rawya, kanishikia simu na kunichekea. Ndiyo maana nakuandikia. Haya nnayotaka kukwambia siyo ya kupigiwa kelele mara tatu mbele ya Rawya.

Usiyacheke maandishi yangu. Unajua chuoni nlikaa mpaka juzuu ya Amma, na skuli nlikaa mpaka mwalimu akachoka yeye. Barua hii nimeiandika kwa siku sita, kwa mkono wangu, na ulipoona wino umemwagika hapo juu ni kahawa.

Habari kubwa ni kuwa Sidab tumehama. Kuta zilikuwa zimeliwa na chumvi na mwanangu Humaid akasema hawezi kulala usingizi hali ya kuwa baba yake anaishi peke yake karibu na maji. Nkamwambia maji yananijua. Hakusikia. Akaja na gari la mizigo, na sasa nnaishi kwake Mawaleh, karibu na pale lilipokuwa soko kubwa la mboga, chumba cha chini, kiyoyozi kinavuma kama mgonjwa. Nyumba nzuri, simsemi vibaya. Lakini majlis yake, pale pa kukalisha wageni, upande mmoja vioo vitupu, upande mwingine televisheni kubwa kama mlango wa msikiti. Akaniambia, Baba, ukuta uliobaki unatosha bunduki moja, labda mbili zikibanana.

Unajua mimi nlikuwa na bunduki tano. Wenzangu hapa wana moja, wana mbili za kurithi, hawajui hata risasi inaingilia wapi. Mimi tano, zote zina karatasi ya polisi kwa jina langu, na kila Ijumaa nazisafisha mwenyewe. Mashekhe wamekaa chini ya bunduki zile wakanywa kahawa mpaka kahawa ikaisha, wakisikiliza habari ya kila moja. Basi Humaid akatandika shuka sakafuni, akazilaza zote, akasema tubakishe zile za lazima tu. Nkamwambia za lazima ni tano. Akasema Baba, lazima ya nini, huku kuwinda kumepigwa marufuku tangu sijaota ndevu. Nkamwambia marufuku hayo ni ya wanaowinda, mimi naziangalia.

Tulibishana siku mbili. Yeye ana diploma, mimi nna pumzi. Lakini alinishinda, maana funguo za gari ni zake.

Ile ndogo ya kupigia ndege ikaenda kwa mkwe wangu, na sitashangaa nikisikia kajipiga mguu. Ya mitutu miwili akachukua jirani yetu wa Sidab, mtu mwaminifu ila mvivu wa kupaka mafuta, nliilia. Ile yenye darubini Humaid ndiye aliyeng'ang'ania iondoke, akasema Baba, wewe bunduki hii unaitumia kuangalia meli. Kweli, lakini nlikuwa nasoma majina ya meli mpaka herufi ya mwisho! Wakaninunulia darubini ya mkono, ya plastiki. Hapa Mawaleh naangalia nayo matangi ya maji ya majirani. Ya nne, ile ndefu ya kuchezea razha, unayajua yale mambo ya wanaume kurusha bunduki juu na kudaka, nayo ikatoka, wakanambia mkono wangu unatetemeka. Nkairusha pale pale uani kuwaonyesha. Nkaidaka. Sawa, nliidaka mara ya pili.

Ikabaki ya tano, bunduki fupi, na juu ya hiyo hatukubishana. Kila mtu katika nyumba hii anajua kuwa ile ndiyo bunduki ya mbogo wa Sikonge.

Najua umesimama hapo, Mastura. Najua umeiweka barua chini. Iokote, endelea kusoma, ntakujibu.

Siku ile tunazilaza sakafuni alikuwepo Noof, binti mkubwa wa Humaid, yuko chuo kikuu. Huyu mtoto anakwenda kupiga shabaha na wenzake kwenye klabu, na ana jicho, hilo kalirithi kwetu. Akaiokota ile fupi, akaiweka begani. Ikamkaa kama kanzu iliyokatwa na fundi wake. Akageuka akaniambia, Babu, hii imekatwa kwa kipimo cha mkono wa kike, ya kwangu ya klabu imekatwa hivi hivi. Watu wakacheka. Mimi nkamjibu lile nnalolijibu miaka yote, kuwa mbogo alikikanyaga kitako ncha ikavunjika, na Baba akakisawazisha kwa msumeno. Noof akapitisha kidole pale palipokatwa, akasema mbogo wenu alikuwa na mguu ulionyooka kweli. Watu wakacheka tena. Mimi nkaichukua mkononi mwake, nkaifunika na shuka.

Usiku ule sikuamua vibaya, niliamua kama mjinga. Asubuhi nkaifunga bunduki ndani ya mkeka, nkachukua teksi mpaka Wadi Kabir, nyuma ya magereji, kwa seremala mmoja Mnyamwezi wa Urambo anaitwa Mihayo. Nkamwambia nitengenezee kitako kipya, kirefu cha mtu mzima, na hicho cha zamani kitupe. Mihayo akakishika kile cha zamani, akasema Mzee, mbona bado kizima, huu mti umeiva, mnaupata wapi mti kama huu? Akauliza kwa nini kifupi. Nkamwambia mbogo alikikanyaga. Hata kwake, ndugu yangu, mtu tusiyejuana, ulimi ulikwenda wenyewe.

Kwa siku nne nlijiona mwerevu kuliko wote Maskati. Bunduki ilirudi inang'aa, ndefu, hakuna wa kuiuliza kitu. Noof aliiweka begani mara moja tu, haikumkaa, akaiangalia, akaniangalia mimi. Akairudisha ukutani. Bora angeuliza.

Siku ya tano Humaid akaita watu chakula cha mchana, akatangaza kuwa harusi ya mwanawe Loai ni Alhamisi ya mwisho ya Shaaban, na kwamba siku hiyo mbele ya wanaume wote, kabla razha haijaanza, mimi nitasimama nimkabidhi Loai bunduki ya mbogo, na mtu atashika kipaza sauti aieleze habari yake tangu Sikonge mpaka leo. Na karatasi itabadilishwa jina. Kadi zimeshachapwa, na kwenye kadi wamechora bunduki. Loai akaja kunibusu kichwa. Kijana mwema, analia upesi. Akaniambia, Babu, tangu mdogo nilikuwa naota siku hii.

Hapo nkasukuma sahani. Kusema uongo majlisini ni jambo moja, mtu anamimina kahawa, unasema, inapita. Kumpa mtoto mkononi kitu kisichokuwa chako, mbele ya watu mia tatu na kipaza sauti, ni jambo jingine. Nlivumilia siku tatu. Siku ya nne baada ya sala ya alasiri nkamwita Humaid, nkamwita Loai, na Noof akaingia bila kuitwa, nkawaambia ukweli. Ule ukweli, Mastura, ambao mimi na wewe hatujautaja hata siku moja kwa miaka sitini na sita.

Nliwaambia kuwa bunduki fupi ilikuwa yako. Kuwa Baba ndiye aliyekata kitako chake ulipokuwa unalinda shamba la mahindi lisiliwe na nyani, akakuwekea kitako kwenye kiwiko, akaangalia kidole chako kinafika wapi, akatia alama ya mkaa, akakata vidole vitatu. Kuwa siku ya mbogo mimi nlikuwa na bunduki kubwa ya Baba, nimeichukua bila ruhusa, na nkampiga mbogo tumboni kwa papara, na alipogeuka nkaitupa bunduki nkakimbia. Nikaanguka kwenye lile shimo la udongo wa matofali nyuma ya duka letu, nkalala chini, mikono kichwani. Nliwaambia mpaka lile la kukojoa. Nikasema mbogo alisimama ukingoni, damu yake inanidondokea, na nliona pembe na mbingu tu. Kisha nkasikia mlio mmoja, na mbogo akaanguka upande wa pili.

Na nliwaambia nlilolikuta nlipotoka. Wewe umekaa chini, miaka kumi na mitano, bunduki mapajani, mkono mmoja haunyanyuki kwa teke la bunduki, unaniuliza mimi kama nimeumia. Na Baba anakuja mbio, na nyuma yake kelele za watu wa mtaani. Baba akawaangalia wale watu wanaokuja, akakuangalia wewe, na wiki ile watu wa kina mumeo Marwan walikuwa wanakuja kukuposa, wasingemtaka msichana aliyeua mbogo. Akaitoa bunduki mkononi mwako akaitia mkononi mwangu. Watu walipofika wakanibeba mabegani, na suruali yangu mbichi, wakadhani ni maji ya shimoni. Wewe bega lako likavimba, wakaambiwa umeteleza kisimani.

Nlimaliza, nkangoja. Nlifikiri Humaid atakasirika, nlikuwa tayari kwa hasira. Humaid akanishika mkono kama anavyoshikwa mtoto, akasema kwa upole, Baba, pumzika, mambo yanakuchanganyikia. Loai machozi yakamtoka, si kwa habari, kwa kunionea huruma. Nkapandisha sauti. Ndiyo wakazidi kunionea huruma. Nkawaambia angalieni kitako! Humaid akakiangalia, kirefu, kipya, cha mtu mzima. Nikatukana, sikutukana wao, nlijitukana mwenyewe, lakini nani atajua.

Nkataka twende kwa Mihayo akawaambie kuwa kitako cha zamani kilikuwa kifupi cha kipimo. Humaid akanipeleka, mtoto ana adabu. Mihayo akasema ndiyo, kilikuwa kifupi, Mzee Sleyum aliniambia mwenyewe kuwa mbogo alikikanyaga. Akaapa na Mungu, na hakusema uongo. Nkamuuliza kiko wapi. Akakuna kichwa, akasema alikiweka pembeni maana aliuhurumia ule mti, lakini vijana wa gereji walikosa mkaa Jumamosi wakakitia motoni wakachemshia chai. Kitako alichokikata Baba, Mastura. Chai ya watu wanne.

Noof alisimama upande wangu, alimwambia baba yake kuwa yeye aliishika kabla na ilimkaa. Humaid akamjibu, mwanangu, wewe unampenda babu yako tu. Wamekwenda kuuliza habari zangu kwa wazee wote ninaokaa nao, na wote, watu wazima wenye ndevu, wameshuhudia kuwa Sleyum kaua mbogo, wamesikia mara mia. Nimejenga mashahidi miaka hamsini, ndugu yangu, na sasa wote wananishuhudilia vibaya.

Halafu wakanipeleka kwa daktari. Kijana mdogo, ananiuliza leo siku gani, mji gani, kisha akanipa karatasi akataka nimchoree saa. Nkamwambia nna saa mkononi, ya Kijapani, inakwenda, nichore ya nini? Akaandika. Akanambia nihesabu kurudi nyuma saba saba. Nkamwambia mimi sijawahi kurudi nyuma. Akaandika tena. Nkatoka na vidonge vyeupe, na Humaid akaitia bunduki kwenye kabati la chuma, na funguo anazo yeye. Hapigi kelele, hanitukani. Ananiambia Baba, siku ya harusi wewe utakaa tu kwenye kiti, kila kitu tutakifanya sisi. Kila nikisema kweli Rawya analeta maji na kidonge. Mimi, Mastura! Mimi niliyedaka bunduki uani.

Sasa nakujibu lile uliloweka barua chini kwa ajili yake, na nimelichelewesha mpaka hapa kwa woga, si kwa kusahau.

Baba alipokuwa anakata roho aliniambia mimi peke yangu kuwa ile fupi ni ya Mastura, umpe, umwambie nimemdhulumu siku ile na anisamehe. Nlisema naam. Na nlipokuwa nasafiri kuja huku, ulipokuja Dar es Salaam kuniaga na ukaniuliza iko wapi, nlikwambia maaskari wa bandarini wameichukua. Ukasema haidhuru, kaka, muhimu umepata tiketi. Haikuchukuliwa. Ilikuwa pale pale mbele yako, nimeifungua vipande viwili ndani ya godoro, na wewe ulikalia godoro lile tukinywa soda. Nliitaka kwa sababu bila ile bunduki habari ya mbogo ingebaki Sikonge, na huku nlikuwa nakuja kuwa si kitu. Na ule usia wa Baba sikukupa. Miaka yote hii hukujua kuwa alikuomba msamaha.

Sijui kama utaniitia laana au utacheka. Ungekuwa karibu ningekuja nikae mlangoni kwako. Bunduki siwezi kukuletea, siyo kitu cha kutia mkobani, na hata kabatini siwezi kuitoa. Karatasi ina jina langu na neno langu halina uzito. Ninachoweza ni hiki tu. Mwambie mjukuu wako akurekodi sauti kwenye simu, useme kwa kinywa chako ilivyokuwa, namba ya Noof nimeiandika nyuma ya bahasha. Useme na unataka iweje. Ukisema apewe Loai, apewe, lakini kipaza sauti kiseme jina lako. Ukisema apewe Noof, ntafurahi kuliko ninavyoweza kuandika, na kitako tutakikata tena. Ukisema ibaki kabatini ioze, ni haki yako. Na ukinyamaza, Alhamisi ile nitakaa kwenye kiti nimevaa hanjari ya Baba kiunoni, na watanipigia makofi, na mimi sitakuwa na la kufanya ila kushika fimbo.

Barua hii anakuletea Mihayo mwenyewe, kapata likizo, anapanda ndege Jumamosi. Hajui kilichomo. Mpe chai, usimlaumu. Kuna halua makopo mawili, na dawa ya kuchua magoti, chua kutoka chini kwenda juu. Kuna shuka pia, kachagua Noof, kasema nimwambie shangazi wa baba yake kuwa anamsalimu kwa heshima. Humaid naye anakusalimu, Rawya na Loai wanakusalimu, wote wanajua nakuandikia, wanadhani nakualika harusini. Wasalimie wajukuu zako wote, na kaburi la Mama, na la Baba umwambie nimekawia.

Na kama kuna atakayekuuliza barua hii ya mzee aliyekataa kuchora saa inashuhudiwa na nani, mwambie kuna mashahidi wawili na wote ni mabega. La kwanza ni la Noof, lililoivaa ile bunduki kabla sijaiharibu. La pili ni lako la kulia, ule mfupa ulioungana kombo, ambao Marwan mpaka anakufa alijua ni wa kisimani. Upapase sasa hivi unaposoma. Wengine wote wamekufa, au wananiamini mimi wa zamani.

Kaka yako,
Sleyum bin Humaid, niliyekuwa shimoni